Baraji ya Kabwela

Kalemie, 13 Oktoba 1985

Kwa mudogo wangu Henriette, huko Moba,

Natumaini karatasi hii itakukuta muzima, na chaki mukononi, kwa maana masomo yameanza. Sisi wa huku tunapumua. Wifi yako Mama Godelieve anaumwa magoti kama kawaida ya mvua za kwanza, lakini anatembea na anapiga kelele, basi hana ugonjwa. Binti yako Martine ameingia mwaka wa tatu. Minerval ya shule nimelipa, usijisumbue. Amekuwa murefu kunishinda. Samaki wakavu uliotuma, wale mikebuka, wamefika wote na bato ya ziwani, na muke wangu anasema Mungu akuongezee. Shemeji Siméon yuko wapi siku hizi? Barua yako ya mwisho haikumutaja.

Sasa nikupe habari za Kabwela. Tangu niache kazi ya reli nimehamia shambani kabisa, karibu na baraji, ule ukuta wa udongo ambao marehemu Papa, baba yetu, aliziba kijito nao, na sisi tukibeba udongo kwa vikapu. Mwanzo nilitaka samaki tu. Lakini vijana wa mujini walianza kuja siku ya Mungu, Jumapili, kuoga. Wanasema ziwa lina mawimbi na mamba, maji yetu yametulia. Nikajenga payote mbili, vibanda vya nyasi vya kukaa, nikaleta bia, fundi akanichongea mutumbwi mudogo wa kuzungukia. Sasa hata wakubwa wa serikali, wa zone yetu, wanakuja na wake zao.

Shida ilikuwa moja. Karibu na payote maji yalikuwa mafupi, watu walikanyaga matope. Basi nimepiga mbao katika mulango wa maji, pale pembeni ambapo maji ya ziada hupitia mvua ikizidi. Bwawa limepanda vizuri. Ungeliona asubuhi, ungefurahi.

Unajua vile Papa alivyotuachia: ukuta na shamba la chini ni langu, bonde la juu, ambalo maji yamelala ndani yake, ni lako. Kwa hiyo nakuomba ruhusa ya kujenga payote ya tatu upande wako. Kama siku moja utachoka na Moba, nafasi yako ipo, tena yenye maji mbele ya mulango.

Martine anakusalimia. Ameketi hapa, anakunja vitambaa vya meza.

Yaya yako,
Évariste

Moba, 17 Novemba 1985

Yaya Évariste,

Nakuamkia wewe, kaka yangu mukubwa, na Mama Godelieve. Bato ilikaa bandarini ikingojea mafuta, na barua yako ikangoja pamoja nayo. Huku tuko wazima. Darasani kwangu watoto wamepita mabenchi, wengine wanaandika wakiwa wamekaa chini. Mihogo imeshika vizuri. Asante kwa minerval ya Martine. Najua ni muzigo.

Yaya, juu ya payote sina neno. Watu kufurahi siku ya Mungu si zambi. Lakini zile mbao zimenikosesha raha. Wakati Papa alipochimba ule mulango wewe ulikuwa shuleni Kongolo, mimi njo nilikuwa naye. Alisema maji ni mugeni, ukimunyima mulango atapasua ukuta. Hakuweka kitu pale, hata wavu wa samaki.

Nijibu haya. Mbao unazitoa mvua ikizidi, ama zinakaa? Watu wanaoga wapi: juu kwa kina kidogo, ama karibu na ukuta, kwenye ile tiyo, bomba la chuma linalotoa maji chini? Tiyo ikifunguliwa inavuta, hata muguu wa muntu muzima inaushika. Mama Dorothée na watoto wake bado wanakaa chini ya ukuta? Na Martine, nani amemufundisha kuogelea? Mimi sikumufundisha.

Ruhusa ya payote nitakupa nikipata majibu.

Henriette

Kalemie, 15 Desemba 1985

Mudogo wangu,

Salamu za Noeli kabla ya Noeli yenyewe. Mama Godelieve amepata dawa ya magoti kwa masista na sasa anapanda kilima. Tumevuna mahindi ya kwanza. Mvua ni nyingi.

Umeniuliza mambo kama inspekteri wa shule, nami nakujibu kama mwanafunzi. Watu wanaoga kila mahali, ni watu wazima, siwezi kumufunga mukubwa wa zone kamba shingoni. Tiyo inafunguliwa mara moja moja tu, Mama Dorothée akitaka maji ya mupunga wake. Ndiyo, anakaa palepale. Unajua alitoka upande wa Fizi na mume wake, na mume anavua ziwani, anakuja nyumbani kwa nadra. Nimemupa ile sehemu ya chini alime. Ni mwanamuke wa kazi, ana mutoto muchanga na wengine wawili. Hajawahi kulalamika.

Martine hakuandika safari hii kwa sababu alishikwa na malaria kidogo. Amepona.

Mwaka mupya tutafanya sikukuu kubwa hapa, na muziki. Hukunijibu juu ya Siméon.

Évariste

Moba, 19 Januari 1986

Yaya,

Mwaka mupya uwe na amani kwenu. Huku shule imefunguliwa tena na mwalimu mumoja amehama, kwa hiyo nina madarasa mawili.

Pontien, yule anayefanya biashara ya ndagala, samaki wadogo, kati ya huku na Kalemie, alinikuta bandarini. Akaniambia, "Mama Henriette, pole kwa yule binti." Nikamuuliza, "Pole ya nini? Ni malaria tu." Akanitazama, akaanza kufunga mizigo yake. Nilimushika mukono mpaka akasema.

Sasa najua. Martine alikuwa anaogelea karibu na ukuta akitafuta chupa iliyoanguka. Tiyo ilikuwa wazi. Maji yalimuvuta muguu na hakuweza kujitoa. Watu kwenye payote walidhani anacheza. Mama Dorothée alikuwa juu ya ukuta, alikuja kutazama maji yake, na yeye njo aliruka ndani na nguo zake zote akafunga tiyo. Mutoto wangu alilala lopitali na maji kifuani. Wewe ukaniandikia malaria.

Nilikaa na kalamu muda murefu kabla ya kuandika, nisije kukutukana. Wewe ni yaya yangu na unamulisha mutoto wangu. Lakini sitaki tena kuandikiwa malaria.

Nataka mambo matatu. Watu wasioge upande wa ukuta. Martine asiingie tena majini. Na zile mbao uzitoe. Niliuliza juu ya mbao na hukujibu, nimeona.

Mama Dorothée umupe kitenge kutoka kwangu. Namutuma Pontien nacho.

Henriette

Kalemie, 3 Februari 1986

Henriette,

Sisi ni wazima. Kitenge kimefika, Dorothée amekivaa kanisani.

Pontien ana mudomo murefu. Sikutaka ulale bila usingizi huko mbali, basi. Martine yuko hapa, anasoma, anakula. Ukimuuliza yeye mwenyewe atakuambia anataka kubaki.

Nimefanya ulivyotaka. Nimevuta kamba kutoka ngambo hii mpaka ile, na madumu matupu yanaelea juu yake, hakuna anayepita kwenda ukutani. Nimeandika kibao. Na ile tiyo haitamushika muntu tena: nimeiziba kwa simenti, ndani na nje. Dorothée atachota maji ya mupunga kwa ndoo, mvua ni nyingi hata hivyo.

Mbao zinabaki mpaka mwisho wa mvua. Nikizitoa sasa payote zitakaa juu ya matope na watu hawatarudi. Maji hayajafika juu ya ukuta, bado kuna nafasi ya mukono.

Kitu kimoja tu nikuulize, kwa kuwa wewe ulikuwa na Papa. Wakati ule ukuta ulikuwa unatoa jasho? Chini, upande wa Dorothée, pembeni ya tiyo, kuna unyevu. Wiki iliyopita maji yalikuwa meupe, unaweza kunywa. Sasa yanatoka kidogo na rangi ya chai ya maziwa. Nadhani ni mvua.

Salamu kwa Siméon, kama yuko.

Évariste

Ujumbe uliopokelewa kwa foni ya redio ya misioni, Kalemie, kutoka Moba, Ijumaa 28 Februari 1986. Wa kupewa Papa Évariste, Kabwela.

BARUA YAKO NIMEIPATA LEO. MAJI YA RANGI YA UDONGO NI UKUTA UNAOLIWA NDANI. ONDOA DOROTHÉE NA WATOTO. ONDOA WATU WOTE. PUNGUZA MAJI LEO HII. USINGOJE. NATAFUTA BATO. HENRIETTE.

Kalemie, 5 Machi 1986

Mudogo wangu Henriette,

Nasikia bato imeharibika mashini na wewe uko bandari ya Moba na mizigo yako. Rudi nyumbani, pumzika. Martine ni muzima. Mama Godelieve ni muzima. Dorothée na watoto wake watatu ni wazima, wanalala kwetu. Nimeanza na hayo ili usome mengine bila haraka.

Ujumbe wako ulikaa misioni, kwa sababu barabara ya Kabwela ilikuwa matope na hakuna aliyekuja huku. Katekista Kizito aliuleta Jumapili baada ya misa. Payote zilijaa. Mukubwa mumoja wa zone alikuwa na wageni wake, samaki walikuwa motoni, muziki ulikuwa unalia. Nilisoma karatasi. Kizito aliuliza kama kuna jibu, nikasema hapana. Nikaikunja nikaitia mufukoni, nikapeleka sahani kwa wageni.

Sijui ningeikalia muda gani. Mama Godelieve aliniona usoni. Akanitoa karatasi mufukoni mbele ya watu, akaisoma, akasema polepole, "Évariste, twende tukatazame." Tulishuka wote wawili, yeye na magoti yake.

Pembeni ya tiyo palikuwa na tundu. Jumamosi halikuwapo. Maji yalitoka kwa nguvu, mazito kama uji, na vipande vya udongo ndani. Nilitia mukono, ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Nilisikia udongo unamegeka juu ya vidole vyangu.

Nilikimbilia mulango wa maji kutoa mbao. Zilikuwa zimevimba. Nilipiga kwa shoka, nikavuta kwa chuma, vijana wawili wakavuta na mimi, hazikusogea, maji yote ya bwawa yalikuwa yanazisukuma. Tiyo nilikuwa nimeiziba mwenyewe. Bwawa halikuwa na pa kutokea isipokuwa ndani ya ukuta.

Basi nilisimama juu ya meza ya yule mukubwa na nikazima muziki. Nikasema, "Ukuta unakufa. Atakayeweza kushika jembe aje, wengine wapande kilima." Mukubwa aliniuliza, "Papa, una hakika?" Nikamuambia ashuke akatie mukono wake kama mimi. Alishuka. Aliporudi, alivua koti.

Tulichimba upande wa pili wa mulango, mahali ukuta unapoisha na kilima kinaanza, ili maji yatokee porini na si kwa Dorothée. Majembe hayakutosha. Watu walichimba na masahani, na kipande cha kibao changu, na mikono. Wanawake walibeba udongo kwa vitenge vyao. Ilikuwa kama siku ya salongo, ile kazi ya umma, ila hakuna aliyelazimishwa, na wengi walikuwa wamevaa viatu vya kanisani. Mvua ilianza kunyesha.

Martine hakungoja kutumwa. Alikuwa tayari ameshuka kwa Dorothée. Haya amenisimulia yeye, na Dorothée amekubali ni kweli. Alimukuta anapepeta muchele. Akamuambia, "Mama, chukua watoto, ukuta unapasuka." Dorothée akajibu, "Maji ya Papa Évariste yamekaa pale tangu tulipofika. Mupunga wangu umebakiza kidogo kukomaa. Nikiuacha, ndege wanakula." Martine akamusihi, akamuonyesha maji mekundu katika mufereji wa mupunga. Dorothée akasema ngoja kwanza nimalize ungo huu.

Henriette, binti yako alimunyakua mutoto muchanga kwenye mukeka na akakimbia naye kupanda kilima. Dorothée alifikiri amepatwa na wazimu. Alitupa ungo, akamufuata akimulaani, na wale wakubwa wawili wakamufuata mama yao wakilia. Alimufikia juu, kwenye mihogo yetu, akamupiga kofi. Martine alipokea kofi na mutoto akamurudishia.

Wakati ule mufereji wetu ulikuwa umeanza kupitisha maji. Mwanzo kidogo, kisha maji yenyewe yakaanza kuchimba kuliko sisi, nikawaamuru watu watoke. Bwawa lilishuka. Kamba ya madumu ilikaa chini juu ya matope. Watu walianza kucheka na kushikana mikono, na mimi pia nilidhani tumeshinda.

Jioni, kabla ya giza, katikati ya ukuta palizama, taratibu kama muntu anayekaa. Kisha pakafunguka. Hakukuwa na mulio mukubwa. Maji yaliyobaki, labda nusu, yalipita. Yalichukua mupunga wote wa Dorothée, jiko lake, kuku, na ukuta mumoja wa nyumba, ule ambao wanalalia upande wake. Kama yangekuwa yote, sitaki kuandika.

Dorothée alitazama kutoka kilimani. Hakulia. Alimuuliza Martine, "Shavu linauma?" Martine akasema hapana.

Wageni walirudi mujini kwa miguu, wamejaa udongo. Yule mukubwa alisahau koti. Nimelifua.

Unaweza kuniuliza nilifanya nini kati ya karatasi na meza. Nimekwisha kukuandikia kuhusu zile sahani. Sina kingine.

Nafikiri mvua zikiisha tujenge tena, na mulango mupana zaidi. Niambie unaonaje.

Yaya yako,
Évariste

Moba, siku ya Pasaka, 30 Machi 1986

Yaya Évariste,

Kristu amefufuka. Nawasalimu wote, na Mama Godelieve namupigia magoti, yeye na magoti yake mabovu.

Nilisoma barua yako bandarini, nikiwa nimekalia sanduku langu. Watu walidhani nimefiwa. Mwanamuke muuza samaki aliniletea maji ya kunywa.

Umeniuliza mara nyingi juu ya Siméon. Yuko Kongolo, ana nyumba nyingine kule na muke mwingine, tangu mwaka jana kabla ya masomo kuanza. Watu wa Moba wote wanajua. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka muntu mumoja duniani aendelee kuniuliza habari zake kama vile bado ni mume wangu. Unaona, hata mimi nilikuwa na malaria yangu.

Kwa hiyo ile nafasi uliyonipa, ya kukaa mbele ya maji, niliifikiria sana. Zaidi ya ulivyodhani. Usiku mwingine nilipanga hata mahali pa kuweka jiko.

Sasa jibu langu. Unasema tujenge tena. Ukuta ni wako, siwezi kukukataza. Lakini bonde ni langu, na lile tope lililobaki ni udongo wa miaka yote ya kijito, hakuna udongo mwema zaidi Kalemie nzima. Namupa Mama Dorothée. Simukodishi, namupa, yeye na watoto wake. Nimeandika karatasi mbele ya padri na mashahidi wawili, Pontien anakuletea. Nyumba ajenge juu kwenye kilima, bonde alilime. Ukitaka kuziba kijito tena, utamuomba yeye ruhusa ya kufunika shamba lake kwa maji.

Mimi nitabaki Moba. Nina madarasa mawili.

Martine ameniandikia mwenyewe. Anataka kubaki kwako amalize shule. Nilitaka kukataa. Nimekubali. Aliniandikia pia kwamba tangu Jumapili ile hulali vizuri, unazunguka na taa kule chini. Acha, Yaya. Wako wote hai. Lala.

Mudogo wako,
Henriette

Kalemie, 11 Mei 1986

Mudogo wangu Henriette,

Tunapumua sote. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Mama Godelieve amemuchukua muchanga wa Dorothée kama ni wake, anamubeba mugongoni na kusema magoti yamepona. Martine alikuwa wa pili darasani. Juu ya Siméon sitauliza tena. Ukihitaji muntu wa kwenda Kongolo kumutazama machoni, nipo.

Karatasi yako ilifika. Niliisoma, nikaiweka, nikaenda kutembea. Niliporudi nilimuita Dorothée nikamusomea. Alisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akauliza, "Na wewe, Papa, umekubali?" Nikamuambia bonde halikuwa langu. Akasema hakuniuliza hivyo. Basi nikamuambia nimekubali.

Mume wake alitoka ziwani, tukajenga nyumba pamoja, juu. Payote nimezibomoa, miti yake imeingia kwenye paa lao. Mbao za mulango wa maji zilitoka zenyewe zilipokauka. Kijito kinapita katikati kama zamani kabla ya Papa, chembamba, unaweza kukiruka. Amepanda maharagwe na mboga ya lengalenga, na yameota kwa haraka mpaka watu wanakuja kutazama.

Leo, siku ya Mungu, gari moja lilikuja kutoka mujini. Vijana ambao hawakusikia habari, wageni wa Kalemie. Walishuka na mataulo shingoni na redio. Walisimama kwenye kile kipande cha ukuta kilichobaki, wakatazama chini. Mumoja aliniuliza, "Papa, maji yako wapi?"

Kabla sijajibu, Dorothée alinyoosha mugongo. Alikuwa katikati ya bonde, mahali ambapo zamani hata murefu hakugusa chini, na jembe mukononi, miguu imezama katika udongo mweusi. Akawaambia, "Maji yamehama. Hapa sasa naishi mimi. Mukitaka kushuka, vueni viatu, na musikanyage maharagwe."

Walivua viatu.

Évariste